Doom ya 2005: maswali yanayoulizwa kila muvi hii inapotajwa

Doom, muvi iliyotokana na gemu la kompyuta la jina hilo hilo, haikuwa kubwa ilipotoka, lakini haijafa. Bado inazunguka kwenye fleshi na kwenye televisheni za usiku, na kila anayeiona kwa mara ya kwanza huibuka na maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mwisho wa hadithi umesimuliwa katika sehemu ya tatu, kwa hiyo ambaye hajaiona na hapendi kusimuliwa airuke sehemu hiyo.

## Kwa anayeanza

Hii muvi inahusu nini hasa?

Ni mwaka 2046. Miaka 20 kabla, jangwani Nevada nchini Marekani, wataalamu wa mambo ya kale walifukua lango la ajabu linalompeleka mtu moja kwa moja hadi kwenye mji wa kale ndani ya sayari ya Mirihi. Lango wakaliita Ark. Kampuni kubwa iitwayo UAC ikajenga kituo cha utafiti huko, kikapewa jina la Olduvai. (Ndiyo, jina lile la kwetu Tanzania, swali lake liko sehemu ya nne.)

Siku moja kituo kinaomba msaada. Wanasayansi wanakimbizwa gizani na kitu kisichoonekana, milango inafungwa, mawasiliano yanakatika. Kikosi cha makomandoo chini ya Sarge kinavushwa kwenda kuangalia kuna nini. Kilichopo ni majaribio yaliyofanywa kwa siri juu ya miili ya watu, na matokeo yake yanatembea kwenye korido.

Steringi ni nani, The Rock au Karl Urban?

Karl Urban. Swali hili lina sababu yake: kwenye bango jina la The Rock ndilo kubwa, na mwaka 2005 kila mtu alikuwa akimjua kutoka kwenye mieleka. Ukikaa kuangalia ukiamini steringi hafi na steringi ni The Rock, muvi itakuchanganya kuanzia katikati.

Urban, raia wa New Zealand ambaye wengi siku hizi wanamjua kama Butcher wa tamthilia ya The Boys, anaigiza John Grimm, jina la kazi Reaper. The Rock, yaani Dwayne Johnson, ni Sarge, mkuu wa kikosi. Rosamund Pike ni Samantha, mwanasayansi, pacha wake Reaper. Wazazi wao walikuwa watafiti huko huko Mirihi na wakafa katika ajali kwenye machimbo. Samantha akafuata kazi yao, John akakimbilia jeshini. Ndiyo maana ndugu hao wanapokutana hawakumbatiani.

Lazima niwe nimecheza gemu kwanza?

Hapana. Kusema kweli, aliyecheza ndiye anayepata taabu zaidi, kwa sababu atakaa muda wote akitafuta vitu ambavyo havimo. Asiyecheza ataona muvi ya makomandoo na madude, basi. Akitaka kujua gemu lenyewe ni lipi: lilitolewa Desemba 1993 na kampuni ya id Software ya Marekani, na sehemu yake ya kwanza iligawiwa bure, watu wakapeana kwa diski na kwa mitandao ya wakati ule. Gemu nyingi za kupiga risasi kwa macho ya mpiganaji zinazochezwa leo zina deni kwake.

Nani aliitengeneza, na wapi?

Mwongozaji ni Andrzej Bartkowiak, mzaliwa wa Poland, ambaye kabla ya kuongoza alikuwa mpiga picha mkuu mwenye heshima Hollywood. Ilipigwa Prague, Jamhuri ya Czech, ikasambazwa na Universal, na ikaingia kumbi za Marekani tarehe 21 Oktoba 2005. Muziki ni wa Clint Mansell.

Madude yalitengenezwa na karakana ya Stan Winston, fundi aliyehusika na Terminator na Jurassic Park. Hili linaonekana. Dude linapotokea kwenye maji machafu chini ya kituo, unaona ngozi yenye unyevu na uzito wa mwili, kwa sababu mara nyingi kuna mtu kweli ndani ya vazi. Mmoja wa watu hao ni Doug Jones, mwembamba yule aliyejijengea jina kwa kuigiza viumbe. Muvi nyingi za kompyuta za miaka ile zimeshachakaa machoni. Madude ya Doom bado yanakubalika.

Naweza kuangalia na watoto?

Usifanye hivyo. Marekani iliwekwa daraja la R, ambalo mtoto haruhusiwi kuingia bila mtu mzima, na inastahili: damu nyingi, viungo kukatwa, matusi karibu kila sentensi ya makomandoo. Kwa mtu mzima aliyezoea muvi za kutisha, hofu yake ni ya kawaida, ya giza na kushtukizwa. Kuna utulivu mrefu mwanzoni unaoweza kumlaza aliyechoka.

## Gemu na muvi

Jehanamu imekwenda wapi?

Hili ndilo lalamiko kuu la wachezaji tangu 2005, na wana haki.

Kwenye gemu, UAC inafanya majaribio ya kusafirisha vitu kati ya Phobos na Deimos, miezi miwili ya Mirihi, na lango linafunguka mahali pasipotakiwa. Wanaotoka ni mashetani, tena mashetani kweli, wenye pembe na moto. Mchezaji ni askari mmoja asiye na jina anayewafuata hadi Jehanamu kwenyewe. Upuuzi huo mtakatifu ndio ladha yake.

Muvi ikaufuta. Hakuna Jehanamu, hakuna shetani, kuna kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli. Madude ni binadamu waliodungwa sindano na kugeuka. Watengenezaji bila shaka waliona sayansi ingeaminika zaidi kuliko mashetani, na hapo ndipo walipokosea, maana muvi ya wanajeshi na mazombi kwenye maabara ya kampuni fisadi ilikuwa imeshatengenezwa na wengine. Kilichoifanya Doom iwe Doom ndicho walichokiacha nje ya mlango.

Niwatetee kidogo lakini. Muvi imeegemea zaidi Doom 3 ya mwaka 2004, ambayo ilikuwa ya giza, ya polepole, na iko Mirihi yenyewe. Hata hadithi ya watu wa kale wa Mirihi ilikuwemo humo. Kwa hiyo si kweli kwamba waandishi hawakuligusa gemu. Walichukua ngozi wakaacha moyo.

Ni madude gani yaliyotoka kwenye gemu?

Imp yupo, Hell Knight yupo, mazombi wapo. Pinky yupo kwa namna ya pekee: kwenye gemu ni jina ambalo wachezaji walimpa shetani wa rangi ya waridi anayekimbilia mtu kumng'ata. Kwenye muvi ni fundi mitambo aliyepoteza nusu ya chini ya mwili wake wakati wa kuvuka Ark, sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Anaigizwa na Dexter Fletcher, ambaye baadaye aliongoza Rocketman. Ukijua gemu, ukimsikia tu anaitwa Pinky utajua atakavyoishia.

Wasiokuwepo ni wengi: Cacodemon lile puto lenye jicho moja, Cyberdemon, Lost Soul. Kwa muvi isiyo na Jehanamu, wangetokea wapi?

Na ile bunduki kubwa, BFG?

Imo, na The Rock anaishika kwa mapenzi ya waziwazi. Kwenye muvi herufi zile zimepewa maana ya heshima, Bio Force Gun. Maana ya asili kutoka kwenye gemu ina tusi katikati, naye Sarge akiiona haoni haya kulitamka. Tatizo ni kwamba inafyatuliwa mara chache mno. Ukimwonyesha mtu bunduki ya namna ile, mpe nafasi ya kuitumia.

Kile kipande kinachofanana na gemu kiko wapi, na kilifanywaje?

Karibu na mwisho, na kina urefu wa kama dakika tano. Wako wanaoiweka muvi hii kwa ajili ya kipande hicho tu.

Reaper amejeruhiwa kwa risasi, amelala. Anafumbua macho, na kuanzia hapo sisi ndio macho yake. Yeye hatumwoni tena. Tunaona mdomo wa bunduki upande wa chini wa skrini, kama vile umekaa mbele ya kompyuta, na korido inatujia. Zombi anachomoka pembeni, risasi, anaanguka. Bunduki inageuka kabla hata hujajua kwa nini, na kweli kuna mwingine. Baadaye Pinky aliyekwisha kugeuka anavamia, na mkono unaokota msumeno wa mnyororo, ile chenso ya wapasua mbao. Aliyecheza gemu ya 1993 hahitaji kuelezwa kwa nini watu walipiga kelele hapo.

Kiliongozwa na Jon Farhat, msimamizi wa picha za athari maalumu, si Bartkowiak mwenyewe. Vipande vyake vimeungwa ili jicho lione kama kamera haikuzimwa. Kina kasoro: mazombi wanasubiri zamu zao kwa adabu kidogo, kama watu wa kwenye nyumba ya mizimu ya maonyesho. Lakini mwaka 2005 kufanya kitu kama kile kwa muda mrefu hivyo kulihitaji uthubutu.

Kuna vitu vingine vya kuwafurahisha wachezaji?

Dokta anayesababisha balaa anaitwa Carmack, kwa heshima ya John Carmack, mwandishi mkuu wa programu za Doom. Sijui kama kumfanya mtu awe chanzo cha maafa ni heshima, lakini ndivyo watu wa gemu wanavyotaniana.

## Mwisho wa hadithi (kuna kusimuliwa humu)

Kwa nini Sarge anageuka adui?

Kwa sababu hageuki, na hapa ndipo muvi ilipo na akili kuliko inavyosifiwa. Sarge wa dakika ya kwanza na Sarge wa mwisho ni mtu yule yule: amri ni amri, na amri ilikuwa kuzuia kitu chochote kisitoke. Mwanzoni msimamo huo unamfanya aonekane kiongozi. Balaa linapovuka hadi upande wa dunia, msimamo ule ule unamfanya muuaji.

Tukio la kuangalia kwa makini ni la Kid, kijana mgeni kabisa kikosini. Anatumwa kupekua, anakuta watu wamejificha stoo, wazima, wanatetemeka. Anarudi kutoa taarifa. Sarge anaamuru wauawe wote, maana hakuna muda wa kuchambua nani mzima nani mgonjwa. Kid anakataa. Sarge anampiga risasi ya shingo mbele ya wenzake, kisha anaendelea kutoa maelekezo. Hakuna dude kwenye muvi nzima linalotisha kama utulivu wake pale.

Johnson aliteuliwa kuwania tuzo ya dhihaka ya Razzie kwa uigizaji mbaya kuliko wote mwaka ule. Nadhani walimwonea. Ni mara chache tangu hapo amekubali kuwa mtu wa kuchukiwa hadi mwisho.

Kwa nini wengine wanageuka madude na Reaper anakuwa shujaa?

Maelezo ya Samantha ni haya: watu wa kale wa Mirihi walikuwa na jozi ya ziada ya kromosomu iliyowapa nguvu, akili na uwezo wa kupona haraka. Ukimdunga mtu wa leo jozi hiyo, humpima. Mwenye mwelekeo wa uovu anageuka dude. Mwingine anakuwa kama wale wa kale. Ndiyo maana madude huchoma ulimi shingoni mwa baadhi ya watu kuwaambukiza, na kuwaacha wengine wamekufa tu.

Kwa hiyo Samantha anapomdunga pacha wake, anacheza kamari juu ya moyo wake. Reaper mwenyewe anasitasita, kwa kuwa anajua amefanya nini kazini. Kisayansi hakuna kitu hapo (angalia sehemu inayofuata), ila Jehanamu iliyofukuzwa mlangoni imerudi kupitia dirishani: hukumu ya wema na uovu bado ipo, imevaa koti la maabara.

Goat alijiua kwa nini?

Goat ndiye mcha Mungu wa kikosi, yule anayejichora msalaba mkononi kwa kisu kila akilitaja jina la Mungu bure. Anajeruhiwa, anakufa, kisha mwili unaanza kuamka. Inaonekana anatambua anachogeuka kuwa, akapiga kichwa chake kwenye kioo hadi mwisho. Ni dakika chache, bila maneno mengi, na ni kifo kilichoandikwa vizuri kuliko vyote kwenye muvi.

Nani anabaki hai, na Sarge anaishia wapi?

Kwenye kikosi anabaki Reaper peke yake, pamoja na Samantha. Sarge naye ameshaambukizwa. Anapigana na Reaper mikono mitupu, wote wawili wakiwa na nguvu zisizo za kawaida, hadi Reaper anamtupa kwenye Ark arudi Mirihi na kumsindikiza na bomu. Kisha anambeba dada yake kwenye lifti kwenda juu.

## Sayansi, na habari ya Oldupai

Olduvai ya kwenye muvi ndiyo Oldupai yetu ya Ngorongoro?

Jina limetoka huko, ndiyo. Hakuna tukio hata moja linalotokea Tanzania. Walichochukua ni jina na wazo la mahali pa kufukua asili ya binadamu.

Wazo hilo halikuwa la bahati mbaya. Bonde lenyewe, ambalo siku hizi huandikwa Oldupai, liko kati ya kreta ya Ngorongoro na mbuga ya Serengeti. Mwaka 1959 Mary Leakey aliliona hapo fuvu lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, ambalo yeye na mumewe Louis waliliita Zinjanthropus. Fuvu la asili linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Miaka michache baadaye bonde hilo hilo likawapa Homo habilis, spishi nyingine ya binadamu wa kale. Mtu wa Hollywood akitaka jina la kituo kinachochimbua mababu, asiende mbali.

Inachekesha kidogo kwamba Mtanzania anaweza kukaa mbele ya muvi ya mazombi wa Mirihi akasikia jina la mahali alipopelekwa kwa safari ya shule.

Na yule mifupa anayeitwa Lucy?

Samantha anamtambulisha John kwa mifupa ya mama wa kale wa Mirihi anayemkinga mtoto wake, na jina lake ni Lucy. Lucy wa kweli hakutoka Oldupai. Alipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, na ana umri wa takriban miaka milioni 3.2. Hata hivyo uhusiano na Tanzania upo: taya lililotumiwa kuitambulisha rasmi spishi yake, Australopithecus afarensis, lilitoka Laetoli, kusini mwa Oldupai, zilipo zile nyayo maarufu.

Jozi ya 24 ya kromosomu inaweza kumpa mtu nguvu za ajabu?

Hapana, na hapa waandishi walijitega wenyewe. Binadamu ana jozi 23. Wenye jozi 24 wapo tayari, nao ni sokwe, gorila na orangutani. Sokwe wa Gombe pale Kigoma wanazo. Kromosomu namba 2 ya binadamu imetokana na kromosomu mbili za mababu wa kale zilizoungana, ndiyo maana sisi tukapungukiwa na jozi moja. Kwa hesabu ya muvi, shujaa wa Mirihi angepaswa kula ndizi.

Kuongeza kromosomu kwenye mwili wa binadamu kwa kawaida huleta matatizo ya kiafya, kama inavyokuwa kwa ile ya 21 ikizidi moja, hali iitwayo Down syndrome. Tena sindano haiwezi kubadilisha seli zote za mtu mzima kwa dakika chache.

Ile "asilimia 10 ya jenomu isiyojulikana" ni kweli?

Kuna chembe ya ukweli. Jenomu ni maelekezo yote ya urithi yaliyomo kwenye seli. Samantha anasema sehemu hiyo haijasomwa na wengine wanaamini ndimo roho ilimo. Mradi wa jenomu ya binadamu ulipotangazwa kukamilika 2003, kama asilimia 8 ilikuwa bado haijasomwa kwa sababu ya marudiorudio yaliyoishinda mashine za wakati ule. Ilikamilishwa 2022, na yaliyomo mengi ni marudiorudio hayo hayo. Kwa hiyo mwaka 2046 Samantha angekuwa amechelewa kwenye maktaba.

Mbona Mirihi wanatembea kama wako nyumbani?

Swali zuri. Nguvu ya mvutano huko ni kama asilimia 38 ya ile ya duniani. Komandoo wa kilo 100 angejihisi ana 38. Muvi imelipuuza kabisa, kama karibu muvi zote za Mirihi. Hewa wameitatua kwa kukaa ndani.

## Pesa, lawama, na baada yake

Ni kweli ilifeli?

Wikiendi ya kwanza iliongoza Marekani kwa zaidi ya dola milioni 15, kisha ikaporomoka. Bajeti inayotajwa ni kati ya dola milioni 60 na 70, na mapato ya dunia nzima hayakufika milioni 60. Wahakiki waliiponda. Kama biashara, ilifeli.

Toleo refu lina nini cha ziada?

Dakika chache za damu na mazungumzo. Ukilipata lile la kawaida hujakosa kitu.

Kuna sehemu ya pili?

Hakuna mwendelezo. Kuna Doom: Annihilation ya mwaka 2019, hadithi mpya kabisa, mwongozaji Tony Giglio, mhusika mkuu Amy Manson. Haikupita kumbini, iliuzwa moja kwa moja majumbani. Id Software wenyewe walitangaza hadharani kwamba hawakuhusika nayo. Cha ajabu, hiyo ndogo isiyo na pesa ndiyo iliyokubali kuirudisha Jehanamu, ingawa tunaiona kwa muda mfupi tu na kwa bajeti inayoonekana ilipoishia. Ukilazimika kuchagua moja, chagua ya 2005, na kama usingizi umekushika, sogeza mbele hadi kwenye dakika tano zile.